Trezise na Mtu wa Kumi na Tisa

Lindsay Trezise alikuwa mtu wa kuhesabu. Mji mzima wa Kulwarra ulijua. Kanisani alihesabu vichwa kabla ya sala. Kondoo wake aliwahesabu asubuhi, akawahesabu tena jioni, na ua wa waya haukuwa na tundu. Akisukuma mlango wa baa, hata kofia haijatoka kichwani, mmoja alidakia, "Moja!" Mwingine, "Mbili!" Wa tatu, "Tatu!" Wakaendelea hivyo mpaka bia yake ifike mezani. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alikaa pale pale siku zote, mgongo ukutani, mlango mbele ya macho.

Wageni waliuliza, huyu ana nini? Wakajibiwa, "Mwaka sitini na sita." Basi.

Lakini tuanze nyuma.

Alizaliwa mwaka thelathini na sita, kwenye shamba la ngano maili nane nje ya mji. Mpira alijifunzia uani, akiupiga juu ya kamba ya nguo za mama yake. Mpira wa huko si duara. Una ncha mbili kama yai, na ukidunda hakuna ajuaye utaelekea wapi. Baba yake alimpa somo moja tu maishani.

"Usiuamini mpira, Lin."

"Nimwamini nani?"

"Aliyeushika. Na huyo naye usimwamini sana."

Alipofika miaka kumi na saba aliingia timu ya kwanza ya Kulwarra, wakamweka nyuma kabisa, mbele ya nguzo nne. Mpira ukipita kati ya nguzo mbili za ndani ni pointi sita. Ukipita pembeni ni moja. Kazi ya beki wa mwisho ni kumganda mtu mmoja tangu filimbi ya kwanza mpaka king'ora cha mwisho, amsome shingo, amsome mabega, ajue anakusudia nini kabla mwenyewe hajajua. Lindsay hakuwa mwepesi. Hakuruka juu sana. Ila hakuna aliyemdanganya mara mbili.

Mwaka hamsini na saba alikuja mtu mwenye koti refu kutoka Melbourne, akasimama uani katikati ya matope, akasema timu kubwa inamtaka. Lindsay akapanda treni na begi moja. Alikaa wiki sita. Kila siku ya mazoezi alimwona kocha akiandika majina kwenye karatasi, na kila alipokaribia, kocha aliifunika karatasi kwa kiganja. Wiki ya saba Lindsay alikuwa amerudi Kulwarra, amesimama mbele ya kaunta ya duka la mikate, anamweleza Avis Schilling aliyekuwa akiuza pale.

"Wananificha kitu."

"Kitu gani?"

"Ningekijua kingekuwa kimefichwa?"

Avis alicheka mpaka akaegemea rafu ya mikate.

Barua ilimfuata baada ya siku nne. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi ile. Alikuwa amechaguliwa kucheza. Aliisoma mara tatu, akaigeuza, akatazama na nyuma.

"Mbona wameandika baada ya mimi kuondoka?"

"Kwa sababu umeondoka, Lin," Avis alisema.

Aliitia barua kwenye droo. Melbourne hakurudi. Alimwoa Avis baada ya mavuno, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hakulikagua mara mbili.

Avis hakuupenda mpira. Aliipenda Jumamosi. Kule kwao magari huegeshwa kuuzunguka uwanja, pua zikigusa ua, na watu hutazama mchezo wakiwa ndani na blanketi magotini. Timu yao ikifunga, hupiga honi. Avis aliegesha gari lao la kijivu pembeni mwa nguzo za upande wa mashariki, siku zote. Alikuwa na kikapu. Ndani mlikuwa na chupa ya chai, vikombe viwili, na kopo la sukari kwa ajili ya wageni, kwani yeye hakutia sukari, wala Lindsay hakutia. Shingoni alikuwa na skafu ya buluu na njano, rangi za Kulwarra, aliyoifuma mwenyewe. Mchezo ukiisha Lindsay alikuja na matope yake, akamiminiwa kikombe cha pili, wakanywa bila kusema kitu. Maneno ya nini.

Mwaka sitini na tatu alifanywa nahodha. Mwaka sitini na sita Kulwarra ilifika fainali, mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja. Ilichezwa Ardley, uwanja usio wa timu yoyote kati ya hizo mbili. Wapinzani walikuwa Pelling, majirani, watu wa maili kumi na nne, ambao watu wa Kulwarra waliwaoa binti zao na bado hawakuwaamini.

Robo ya mwisho Kulwarra ilikuwa mbele kwa pointi nne. Lindsay alikuwa amemganda kijana wa Pelling, Hec Dunstan, miaka kumi na tisa, mwepesi kama sungura. Watu watatu waliurukia mpira mmoja, Hec akaangukia kisogo. Alinyanyuka na damu sikioni, akawa anatembea kama mtu anayetafuta ufunguo wake. Benchi la Pelling likaleta mtu mpya. Mtu mpya akaja mbio kusimama kifuani mwa Lindsay. Na Hec bado yupo, kule pembeni, anazurura.

Lindsay akahesabu. Kumi na tisa. Akahesabu tena. Kumi na tisa.

Sheria ni watu kumi na wanane kila upande. Nahodha akiwa na shaka huinua mkono, refa husimamisha mchezo, timu hupangwa mistari katikati na kuhesabiwa kama kondoo. Ikizidi mtu, timu hiyo hufutiwa pointi zote, inarudi sifuri. Isipozidi, aliyeomba amepoteza wakati wa watu, na mpira wanapewa wapinzani wake. Katika ligi ile hakuna aliyekuwa ameomba jambo hilo tangu vita.

Lindsay aliinua mkono.

"Una uhakika, Trezise?" refa aliuliza.

"Wako kumi na tisa."

"Ukikosea nawapa mpira."

"Hesabu."

Filimbi ikalia. Wachezaji wote wakakimbilia katikati. Honi zikapigwa kwa hasira. "Oya, Trezise! Mhesabu na mama yako!" Refa alipita na kidole mstari wa Pelling. Kumi na wanane. Akarudi kinyume. Kumi na wanane. Hec Dunstan hakuwemo.

"Yuko wapi?" Lindsay alipiga kelele. "Yule mwenye damu yuko wapi?"

Nahodha wa Pelling alitabasamu. "Alitoka zamani, bwana. Refa amehesabu."

Mpira wakapewa Pelling, mbele ya nguzo. Sita. Kulwarra ikapoteza kwa pointi mbili.

Alitembea mpaka kwenye gari. Hakuna aliyemgusa bega. Avis alikuwa ameketi, mikono miwili juu ya usukani, shingo wazi.

"Skafu yako iko wapi?"

"Nimempa mtu."

Hakuuliza mtu gani. Alikitoa kikombe chake kwenye kikapu mwenyewe. Kilikuwa na unyevu. Ndani, kwenye kitako, palikuwa na sukari, nzito, haikukorogwa, bado ina joto.

Alikitazama. Akamtazama Avis. Avis naye alimtazama, akangoja.

Lindsay alikifuta kikombe kwa kidole, akamimina chai, akanywa.

Jambo la kuhesabu watu mji mzima ulilijua. La kikombe hakulijua mtu. Wakati yeye anajiaibisha mbele ya watu elfu mbili, mtu aliketi ndani ya gari lake, akanywa chai kwa kikombe chake, akaondoka na skafu ya mke wake. Alianza kuwapitia wanaume wa wilaya, mmoja mmoja, nani anatia sukari. Mwuza mbegu alitia vijiko viwili, akakoroga. Mchungaji hakutia. Mwalimu mkuu alitia kimoja. Kila alipokaribishwa chai, macho yake hayakuwa kwenye keki.

Na tangu siku ile alianza kufunga milango ya gari kwa ufunguo. Kulwarra hakukuwa na mtu mwingine aliyefunga gari. Watu waliacha funguo ndani, zikining'inia.

Alicheza mpaka miguu ikakataa, mwaka sitini na tisa, michezo mia mbili na kumi na mmoja. Mwaka uliofuata wakamfanya kocha. Walisema, akiwa kocha hawezi kuinua mkono.

Ukocha wake ulikuwa wa milango iliyofungwa. Ubao wa majina aliufunika gunia la ngano. Aliandika orodha mbili, ya kweli na ya uongo, na ya uongo aliiacha makusudi kwenye kaunta ya posta, kwa sababu mwanamke wa posta alikuwa mzaliwa wa Pelling. Mwaka mmoja alisimamisha mazoezi katikati, akanyoosha kidole juu ya ghala la ngano, lile refu kama mnara.

"Kuna mtu kule juu. Ana darubini."

Wachezaji wakatazama. "Kocha, yule ni Alf Gursansky. Anakula mkate."

"Kila Alhamisi?"

"Kila siku, kocha. Ndiko anakofanya kazi."

Hakuridhika. Alhamisi iliyofuata walifanya mazoezi nyuma ya zizi la kunyolea kondoo, mpira ukawa unaingia kwenye samadi.

Trevor Noske, nahodha wake wa miaka ya mwisho, mkulima mwenye mikono kama koleo, alimwambia siku moja, "Kocha, mimi mwenyewe sijui kesho nacheza wapi."

"Vizuri. Basi na wao hawajui."

Walimcheka, lakini walimchezea. Alijua goti la kila mmoja. Alijua nani amegombana na mke wake kwa jinsi alivyofunga kamba za viatu. Ila bendera ya ubingwa haikuja. Miaka kumi na tisa, haikuja. Na Pelling walikuwa na kocha mpya: Hec Dunstan, sasa mtu mzima, sikio moja zito, kipara kimeanza. Kila timu hizo zilipokutana, makocha hao walipeana mikono wakitazama kando.

Avis alikufa Novemba ya themanini na nane, mavuno yameanza. Ugonjwa wa tumbo. Haukuchukua muda. Wiki ya mwisho alimtazama Lindsay aliyekuwa ameketi kando ya kitanda na kofia magotini.

"Una swali, Lin?"

"Sina."

"Haya."

Hakusema tena habari hiyo.

Mashine za ngano ziliendelea kuvuma mashambani, kwa kuwa mvua haimngoji mtu azike. Lindsay aliendelea kutoa vikombe viwili kabatini. Hili halifundishwi na wala haliachwi. Alitoa viwili, akakirudisha kimoja.

Mwaka uliofuata Kulwarra ilifika fainali. Ardley tena. Pelling tena.

Lindsay alifika mapema kabla ya mtu yeyote. Aliegesha gari pembeni mwa nguzo za mashariki. Lilikuwa gari lingine sasa, jeupe, lakini kikapu kilikuwa kile kile, kwenye kiti cha abiria. Akafunga milango. Akajaribu kila kitasa.

Siku hizo sheria ilikuwa imelegea. Mchezaji aliweza kutoka akapumzika, akarudi tena, kutwa nzima, wanaingia na kutoka kama nyuki. Lindsay hakuipenda. Yeye alisema uwanja usio na mlango ni uwanja wa wezi.

Robo ya mwisho, zimebaki kama dakika tatu, Kulwarra ilikuwa mbele kwa pointi tatu. Kelleher, winga, alikuwa amechoka, ameshika kiuno upande wa mbali. Lindsay akamgeukia Wundke kwenye benchi. "Ingia. Badala ya Kelleher. Nenda!" Wundke akaingia mbio. Kelleher hakuona kitu. Mpira ulikuwa umeelekea kwake, akaufuata.

Lindsay alihesabu. Si kwa kushuku. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyopapasa mfuko kutafuta miwani. Kumi na tisa.

Akahesabu tena. Kosa lilikuwa lake. Ni yeye aliyesema "nenda" kabla ya mwingine kutoka, yeye mwenyewe, kati ya watu wote duniani.

Akatazama benchi la Pelling. Hec Dunstan alikuwa amesimama. Kidole chake kilikuwa kinatembea hewani, polepole, mtu mmoja mmoja.

Timu ina mjumbe mmoja anayeruhusiwa kuingia uwanjani na maneno ya kocha. Wa Kulwarra aliitwa Bruce Pym, mwenye miguu ya korongo. Lindsay alimshika shati.

"Kelleher atoke. Sasa hivi."

"Aje huku?"

"Asije huku! Huko huko aliko. Aruke ua."

Pym alimtazama usoni, akaelewa, akakimbia. Hec alikuwa anampungia mkono nahodha wake. Nahodha wa Pelling akageuka, akatafuta refa, akainua mkono. Upande wa mashariki, Kelleher aliweka kiganja juu ya ua akapotea kati ya magari.

Filimbi.

Wakapangwa mistari. Uwanja mzima ulinyamaza, kisha mzee mmoja upande wa Kulwarra akapaza sauti, "Moja!" na kicheko kikazunguka. Lindsay hakucheka. Refa alipita na kidole. Kumi na wanane. Akarudi kinyume. Kumi na wanane. Mpira wakapewa Kulwarra. Noske akaukumbatia kama mtoto mchanga, akaupiga mbali pasipo na mtu, na king'ora kikalia.

Honi za Kulwarra zililia mpaka kunguru wakaihama miti. Gari moja jeupe, kando ya nguzo za mashariki, lilikaa kimya.

Chumba cha kuvalia kilikuwa nyimbo, bia na harufu ya dawa ya kuchua misuli. Watu wazima walilia. Lindsay aliketi kwenye kona, mgongo ukutani. Walimmwagia bia, akaifuta. Kelleher akaja na majani mgongoni, anacheka.

"Kocha, umenimaliza! Nilitaka nijifiche ndani ya gari lako. Najaribu mlango, umefungwa. Huu, umefungwa. Uwanja mzima gari moja tu limefungwa, na ni la kocha wangu! Nikalala chini ya tairi kama mbwa."

Wakacheka wote. Lindsay hakusikia kicheko. Alikuwa amesikia maneno mengine. Kuruka ua. Kuingia ndani ya gari.

Ni desturi kocha aliyeshindwa aje chumba cha walioshinda kuwapongeza. Hec Dunstan akaingia, kofia mkononi. Nyimbo zikapungua. Alisema maneno mawili matatu mazuri, kwa sauti ya mtu anayemeza mchanga. Noske akampa bia.

"Situmii. Vidonda vya tumbo. Chai ipo?"

Ilikuwapo, kwenye birika kubwa la kina mama wa Kulwarra. Hec akajimiminia. Akachukua kijiko. Sukari, kimoja. Kimoja tena. Cha tatu. Cha nne. Akaweka kijiko chini, hakukoroga.

Lindsay alinyanyuka. Alivuka chumba, akasimama mbele ya Hec, karibu, kama walivyosimama zamani.

"Mbona hukorogi?"

"Utamu naupenda mwishoni," Hec alisema. "Unabaki chini."

Lindsay Trezise alikuwa ameshuku miaka ishirini na mitatu. Kuuliza hakuwa ameuliza hata siku moja. Sasa aliuliza.

"Hec. Uliwahi kunywa chai kwenye gari langu?"

Hec hakushtuka. Aliangalia kikombe.

"Tutoke nje," alisema.

Walisimama nyuma ya jengo, penye mapipa. Jua bado lilikuwa juu ya ngano changa.

"Kichwa kilikuwa kimevurugika," Hec alisema. "Hilo ni kweli. Lakini filimbi niliisikia, na nilijua wanahesabu nini. Nikaruka ua. Mlango wa kwanza niliouona nikaufungua. Ndani alikuwamo mkeo."

Lindsay aliegemeza mgongo ukutani.

"Sikumjua ni mke wa nani. Nilikuwa natokwa na damu kwenye viti vyake. Akavua skafu akanifunga kichwa. Akanipa chai, akatia sukari yeye, nyingi, akasema ni dawa ya mshtuko. Mimi nikacheka, nimefungwa rangi za Kulwarra. Kisha nikatazama uwanjani nikakuona umesimama peke yako. Nikamwambia, mama, usimwambie mtu nimeingia humu. Akaniuliza, kwa nini? Nikamwambia."

"Akasemaje?"

"Akasema, yule pale ni mume wangu. Nikataka kutoka. Akanishika mkono, akasema kaa, unywe chai yako. Akasema, mimi sitakutangaza, wewe ni mtoto na umeumia. Lakini mume wangu simdanganyi. Akiniuliza, nitamwambia."

Sauti za nyimbo zilitoka dirishani, zikarudi.

"Basi nikarudi kwetu," Hec alisema, "wakanipeleka hospitali, nikawa nangoja. Wiki nzima. Nilijua utakuja na watu. Hukuja. Mwaka ukapita. Nikasema moyoni, huyu mama kaamua kunificha."

"Hakukuficha," Lindsay alisema.

"Sasa ilikuwaje?"

"Sikumwuliza."

Hec akamalizia chai, ile ya chini. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa nyingine, ya kocha.

"Na wewe. Leo mlikuwa wangapi?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni. Refa amehesabu. Lilikuwa limekaa hapo miaka ishirini na mitatu, tangu alipoambiwa yeye. Nyuma ya ukuta walikuwapo watu waliokuwa wakiimba kwa mara ya kwanza tangu babu zao. Hakuna karatasi, hakuna shahidi, isipokuwa Pym na Kelleher, nao wangekufa kabla ya kusema. Lindsay alifunga mdomo. Akaufungua.

"Kumi na tisa."

"Nilijua," Hec alisema. "Najua inavyofanywa."

Aliweka kikombe juu ya pipa. Kisha Hec akasema, "Basi tukaseme. Wote wawili. Mimi la kwangu, wewe la kwako."

"Nani aanze?"

"Wakubwa kwanza."

Ndipo shaka ile ya zamani ikamjia. Mimi nikisema, naye akinyamaza? Nitakuwa mwizi wa leo na mpumbavu wa zamani, vyote viwili, mbele ya watu wale wale. Njia nzima mpaka kwenye pikapu lililokuwa jukwaa la kukabidhi kombe, lenye kipaza sauti, alimtazama Hec shingo, akamtazama mabega, kama beki. Hakusoma kitu. Alipanda.

"Tulikuwa kumi na tisa," alisema. "Dakika za mwisho. Kosa ni langu. Nilimtoa mtu kwa kificho kabla refa hajahesabu. Basi."

Kwanza walidhani ni mzaha. Kisha upande wa Pelling ukalipuka, na upande wa Kulwarra ukawa mbaya zaidi.

"Shuka hapo, mzee!"

"Miaka yote umefunga mdomo, leo ndiyo unaufungua?"

Noske alikuwa chini ya pikapu, kombe la ubingwa mkononi, macho mekundu. "Kocha. Kwa nini?"

"Nimeulizwa, Trevor."

Hec Dunstan bado alikuwa chini. Lindsay alimnyooshea kipaza sauti. Hec hakukipokea. Alikuwa anawatazama watu wa kwao, wazee wa timu ya mwaka sitini na sita, mstari wa mbele, kofia zao na nishani zao. Ilipita sekunde tano. Sita. Lindsay alizihesabu. Ya tisa, Hec alipanda.

"Na mwaka sitini na sita," alisema, "mtu wa kumi na tisa nilikuwa mimi. Trezise alihesabu sawasawa."

Mzee mmoja wa Pelling alivaa kofia yake akaondoka bila kumuaga mke wake. Wengine walibaki pale pale na pai zao za nyama, hawajui wamzomee nani.

Kamati ya ligi ilikaa Jumatano. Ilisema refa alihesabu, hesabu ilikuwa safi, matokeo yanabaki, ya mwaka huu na ya mwaka ule. Bendera ikatundikwa ukutani Kulwarra. Nusu ya mji hawakupenda tena kuitazama, nusu nyingine walisema bendera ni bendera. Lindsay aliacha ukocha kabla hawajamwachisha. Pym hakumsalimu mwaka mzima.

Baa bado walimhesabia. Ila sasa walianza moja wakaenda mpaka kumi na tisa, wakanyamaza hapo, na mtu akamlipia bia.

Jumamosi ya pili Hec alifika shambani na mfuko wa karatasi. Ndani ilikuwamo skafu. Buluu, njano, na doa la kahawia ambalo halikutoka.

"Niliificha chini ya godoro, kisha darini," alisema. "Skafu ya Kulwarra, nyumba ya Pelling. Wangenichoma nayo."

Lindsay alimkaribisha chai. Alitoa vikombe viwili, na safari hii hakukirudisha kimoja. Alimwekea vijiko vinne.

Hec alipoondoka, Lindsay aliendesha mpaka makaburini, juu ya kilima cha mchanga, penye upepo. Aliacha mlango wa gari wazi. Alisimama mbele ya jina la Avis, skafu mkononi.

"Ulimpa nani, Avis?" aliuliza.

Kisha akangoja, kama Avis alivyokuwa amengoja.